Jua haliwezi kupasha maji yaliyokwisha kupashwa

Kila inapotajwa habari ya kupunguza bili ya umeme nyumbani siku hizi, kuna hukumu ambayo watu huitoa kabla swali halijamalizika kuulizwa: hita za maji za jua zimepitwa na wakati, funga paneli za umeme, mambo yaishe. Hukumu hiyo haikuzuka hewani. Bei ya paneli za kuzalisha umeme ilishuka kwa takriban asilimia 90 katika muongo mmoja, kutoka 2010 hadi 2020, na leo iko chini zaidi ya hapo. Hita za maji za jua nazo zimekuwa na safari yake: mitambo mipya inayofungwa kila mwaka duniani ilifika kilele mwaka 2013, kisha ikaanza kupungua, na sababu kubwa ilikuwa China, yenye zaidi ya theluthi mbili ya mitambo yote iliyopo, ambako mauzo yaliporomoka. Mtu akiichora hali hiyo kwenye karatasi anapata mistari miwili inayopishana, na ni rahisi kuitazama akasema kesi imekwisha.

Mimi naona kesi haijasikilizwa. Mistari ile inaeleza bei na mauzo ya vifaa vinavyonasa jua. Mwenye nyumba anauliza bili yake itashuka kwa kiasi gani, na maswali hayo mawili yanakutana kwa mbali sana. Nimeona nyumba zenye paneli nzuri kabisa zikilipa bili ileile ya zamani, na nyumba zenye mtambo uliochakaa, kioo kimefifia, zikilipa kidogo. Tofauti yao iko chini ya paa, ndani ya tangi: nani anatangulia kuyafikia maji baridi, jua au umeme wa kununua? Jua likifika kwanza, karibu mtambo wowote utafanya kazi ya maana. Umeme ukifika kwanza, hakuna paneli itakayokuokoa, iwe ya joto, inayopasha maji kwa jua moja kwa moja, au ya umeme.

Tuanze na maji yenyewe, maana ni mlaji mkubwa wa joto. Kupasha lita 100 kwa nyuzi 40 za Selsiasi, tuseme kutoka 20 hadi 60, kunakula uniti 4.65 za umeme. Kwa umeme huo balbu ya LED ya wati 10 ingewaka usiku na mchana kwa siku 19. Ndiyo maana mtu anayezunguka nyumba nzima akizima taa, huku hita ya bafuni imewashwa tangu jana, anatwanga maji kwenye kinu. Familia inayotumia lita 200 kwa siku, maji yakiongezwa nyuzi 30, inahitaji uniti 7 kila siku, zaidi ya 2,500 kwa mwaka, kabla ya kuhesabu joto linalopotea njiani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako nishati nyingi ya nyumbani huishia kwenye kupasha vyumba wakati wa baridi, maji ya moto bado yanachukua takriban asilimia 15 ya nishati yote ya nyumbani. Pasipohitaji kupashwa vyumba, fungu hilo huwa kubwa zaidi.

Lakini sifa hiyohiyo inayoyafanya maji yawe ghali kupasha ndiyo inayoyafanya yawe ghala zuri. Joto likishaingia halitoki haraka, mradi tangi limevikwa vizuri. Tangi la lita 200 lililotolewa nyuzi 20 likafikishwa 60 limebeba uniti 9 na ushei. Kuna betri za nyumbani zinazouzwa kwa bei ya kutisha ambazo hazibebi kiasi hicho, na hapa kimekaa ndani ya pipa la chuma lenye povu kuzunguka. Anayelielewa hili hupunguza maswali kuhusu paneli, akaanza kuuliza ghala linajazwa saa ngapi, na nani.

Wala si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1767 Mswisi Horace-Bénédict de Saussure alitengeneza sanduku la vioo ambalo ndani yake joto lilivuka nyuzi 100 kwa jua peke yake. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya hita ya jua iliyokuja kuuzwa kibiashara: matangi ya chuma yaliyopakwa rangi nyeusi, yamelazwa ndani ya sanduku la mbao lenye kioo juu. Ilifanya kazi, ila kwa nusu ya siku. Maji yalikaa palepale yalipopashwa, chini ya kioo, na usiku ulipoingia joto lilirudi angani kupitia kioo kilekile. Aliyetaka kuoga maji ya moto aliwahi jioni. Wa asubuhi alikuta baridi. Mwaka 1909 huko California, William Bailey alizitenganisha kazi mbili ambazo Kemp alizichanganya. Bomba jembamba lililojikunja chini ya kioo likabaki na kazi ya kupokea jua, na maji yaliyopata moto yakapanda yenyewe hadi kwenye tangi lililowekwa juu zaidi, limevikwa kinga ya joto. Mtambo aliuita Day and Night, yaani mchana na usiku, na jina hilo lilikuwa tangazo tosha. Hita ya Kemp ilisukumwa nje ya soko na tangi, maana jua lilikuwa lilelile kwa wote wawili. Gesi ya bei nafuu ilipopatikana kusini mwa California miaka ya 1920, Bailey aligeukia hita za gesi bila kigugumizi. Hakuwa shabiki wa jua; alikuwa mfanyabiashara wa maji ya moto, na nadhani ndiyo sababu aliona mapema kuliko wengine faida inapokaa.

Tuje kwenye ushindani wa leo. Chukua mita 2 za mraba za paa, mahali ambapo jua linaleta uniti 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Paneli ya joto inayonasa nusu ya jua hilo itaweka uniti 5 ndani ya tangi. Paneli ya umeme ya ukubwa huohuo, inayogeuza asilimia 20 ya jua kuwa umeme, itatoa uniti 2. Ukizipeleka moja kwa moja kwenye koili ya hita, unapata uniti 2 za joto, basi. Ukizipeleka kwenye pampu ya joto, mashine inayofanya kazi kama friji iliyogeuzwa, ikivuta joto kutoka hewani na kulisukuma ndani ya maji, kila uniti ya umeme inaleta takriban uniti 3 za joto. Unapata 6. Tano kwa sita, tena kwa tarakimu nilizozizungusha. Badilisha pembe ya paneli au hali ya hewa, matokeo yanageuka. Juu ya paa ni sare.

Kwa hiyo hoja inayopendwa na wauzaji wa paneli za joto, kwamba yao inanasa asilimia 60 na ile ya umeme 20, hivyo yao ni bora mara tatu, ndiyo dhaifu kuliko zote. Inalinganisha vitu viwili visivyo na thamani sawa. Uniti ya umeme inaweza kuendesha friji, kuwasha taa, au kuvuta joto mara tatu yake. Uniti ya maji ya nyuzi 55 itakuogesha na kuosha vyombo, mwisho wake hapo. Tena ufinyu wa paa ni shida ya wachache. Mwenye paa kubwa hajali kama mtambo unachukua mita mbili au sita. Kipimo chake ni fedha kwa kila uniti ya joto inayomfikia bombani, na asilimia za kunasa jua zinaigusa hesabu hiyo pembeni tu.

Upande wa umeme una hoja nzito zaidi ya hizo. Nyaya hazivuji, wala hazigandi kwenye baridi kali zikapasuka. Kubwa kuliko zote, tangi likijaa saa saba mchana, paneli ya umeme inahamia kazi nyingine ndani ya nyumba, wakati paneli ya joto haina pa kupeleka. Inachemka bure, na joto hilo lililokwama hula mipira ya viungio na kuharibu kimiminika cha kuzuia kuganda pale kinapotumika. Familia ikisafiri wiki mbili za kiangazi, mtambo wa joto unabaki ukiteseka peke yake juani. Nao upande wa joto hauko mikono mitupu. Mtambo wa mtindo wa Bailey hauna pampu wala waya, umeme ukikatika maji yanaendelea kupata moto, na fundi bomba wa kawaida anaumudu. Kuna pia paneli za joto za mirija ya vioo yenye ombwe, yaani iliyoondolewa hewa ndani, na mirija hiyo inatangaza hata ugonjwa wake: kwenye ncha kila mrija una mpako wa bariamu unaong'aa kama kioo cha kujitazamia, na ombwe likivuja mpako huo unageuka mweupe kama maziwa. Mrija uliokufa unautambua kwa jicho. Pampu ya joto ikiharibika, unamtafuta mtu wa friji, kisha unakitafuta kipuri.

Mijadala mingi huishia hapo, kila mmoja akachagua kambi. Naona hapo ndipo pa kuanzia.

Mitambo mingi ya jua huuzwa ikiwa na hita ya umeme ndani ya tangi, kwa ajili ya siku za mawingu. Thamostati, yaani kidhibiti joto, inawekwa nyuzi 60, swichi inawashwa, fundi anaaga. Fuata sasa saa ishirini na nne za tangi hilo. Saa mbili usiku watu wanaoga. Maji ya moto yanatoka juu ya tangi, maji baridi yanaingia chini kuziba nafasi. Thamostati inahisi baridi, inaita umeme. Kufika saa nne usiku tangi limejaa moto tena, kwa umeme wa kununua, na pale ambapo bei hubadilika kwa saa, mara nyingi kwa bei ya jioni ambayo ndiyo kali. Alfajiri mwingine anaoga, umeme unaziba pengo tena. Jua linachomoza na kukuta kazi imeshafanywa. Linaipiga paneli siku nzima, maji yaliyomo yanapata moto, lakini joto halina pa kwenda kwa sababu tangi zima tayari lina nyuzi 60. Mita imesoma karibu uniti zilezile za zamani, na juu ya paa kuna mtambo usio na kasoro yoyote.

Naandika hayo kwa aibu kidogo, maana nyumba hiyo ilikuwa yangu. Miezi minane baada ya kufunga mtambo, bili ilikuwa imeshuka kwa kiasi ambacho ningekipata kwa kubadilisha balbu. Nililaumu vumbi, nikapanda nikaosha kioo. Nikamlaumu fundi. Siku moja saa nne asubuhi, jua likiwa kali, nilishika mabomba mawili yanayounganisha paneli na tangi, lile linalopeleka maji kwenye paneli na lile linalorudisha. Yote mawili yalikuwa ya moto. Mtambo unaofanya kazi, saa kama hiyo, bomba linalopeleka linapaswa kuwa la baridi mkononi. Nilifuata waya hadi ukutani nikaikuta swichi nyuma ya kabati, taa yake ndogo nyekundu ikiwaka kama ilivyowaka tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyenidanganya. Ni kwamba hakuna aliyeona kuwa ni jambo la kuniambia.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza hita imefungwa wapi. Maji ya moto hukaa juu na ya baridi chini, na tangi la wima lililotulia hudumu na tabaka hizo kwa saa nyingi. Hita ya umeme ikiwa chini kabisa inapasha tangi lote. Ikiwa katikati, inapasha nusu ya juu tu, na nusu ya chini inabaki baridi ikilingoja jua. Baridi hiyo ina faida ya pili: paneli ya joto hupoteza zaidi kadiri inavyozidi kuwa moto kuliko hewa inayoizunguka, kwa hiyo ikilishwa maji ya nyuzi 20 hunasa mengi kuliko ikilishwa ya nyuzi 55. Tangi lililopashwa lote usiku linalidhulumu jua mara mbili, kwanza kwa kulinyima nafasi, pili kwa kuipunguzia paneli uwezo. Pampu ya joto nayo hupenda maji baridi na hewa yenye joto, yaani hupenda mchana.

Wenye paneli za umeme wasidhani hadithi hii ni ya jirani. Hita ya kilowati 3 ikiwaka saa kumi na moja alfajiri inakula umeme wa gridi hata kama paa zima limefunikwa paneli, kwa sababu paneli bado zimelala. Mchana zinazalisha, ziada inapelekwa kwenye gridi kwa malipo ambayo sehemu nyingi ni madogo kuliko bei ya kununulia, na kwingine hakuna malipo kabisa. Mtu anauza kwa bei ya chini adhuhuri, ananunua kwa bei ya juu usiku, na katikati limesimama tangi ambalo lingeubeba mzigo huo bila kelele.

Australia imekutana na jambo hili kwa ukubwa wa taifa. Kwa miongo mingi hita zake nyingi za maji zilipangwa ziwake usiku kwa bei maalumu ya nafuu, ili mitambo ya makaa ya mawe iwe na kazi watu wakiwa wamelala. Leo takriban nyumba moja kati ya tatu ina paneli juu ya paa, na tatizo limepinduka: adhuhuri umeme unazidi hadi bei ya jumla siku nyingine inashuka chini ya sifuri. Kampuni za kusambaza umeme zimeanza kuzihamisha saa za hita kutoka usiku kwenda mchana, kwa matangi yaleyale na nyaya zilezile. Israel walilifikia jibu hilo kwa mkono, zamani. Sheria ya mwaka 1980 ililazimisha nyumba mpya kuwekewa hita za jua, na leo zaidi ya asilimia 80 ya nyumba zinazo. Wachambuzi huisifu sheria. Mimi ningeisifu swichi: hita ya umeme ya tangi ina swichi yake ndani ya nyumba, na mazoea ya wengi ni kuiacha imezimwa, wakaiwasha kwa muda siku za mawingu. Kuisahau imewashwa ni jambo la kugombana nyumbani.

Kuna pingamizi la haki hapa, na linatoka kwa wanaotaka kufika mbali zaidi yangu. Basi tuzime umeme kabisa, wanasema, tuoge kile jua limeleta. Hapo nasita. Bakteria wa Legionella, wanaosababisha nimonia kali, hustawi kwenye maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na mtu huambukizwa kwa kuvuta matone madogo kama yale ya shawa. Tangi lililokaa nyuzi 38 wiki nzima ya mawingu ni makazi yao. Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni maji yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 au yafikishwe hapo mara kwa mara. Jua kali linaweza kufanya hivyo lenyewe, jua dogo linahitaji msaidizi. Upande wa pili, maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi vibaya ndani ya sekunde chache, na siku ya kiangazi mtambo wa jua unaweza kupita hapo, kwa hiyo vali ya kuchanganya moto na baridi kabla maji hayajafika bafuni si pambo. Hita ya msaada ina kazi halali. Ninachopinga ni kupewa zamu ya usiku. Kwenye mtambo wa joto, ikiwashwa saa kumi alasiri, jua likiwa limeshamaliza sehemu kubwa ya kazi, inaongeza kilichopungua tu. Kwa mwenye paneli za umeme saa yake ni adhuhuri. Taima ya kufanya hivyo ni miongoni mwa vifaa rahisi kuliko vyote katika mtambo mzima.

Pingamizi jingine ni la wanaooga alfajiri. Maji yaliyopashwa jana mchana yanatakiwa yalale hadi kesho, na hapo ubora wa tangi unajulikana. Tangi la kawaida hupoteza uniti 1.5 hadi 3 kwa siku likiwa limekaa tu, bila mtu kufungua bomba. Katika mtambo wa maji kupanda yenyewe, tangi likifungwa chini mno, usiku mzunguko unageuka: maji ya moto yanashuka kwenye paneli na paneli inakuwa kipozeo. Mafundi wazuri huacha kama sentimita 30 kati ya kichwa cha paneli na chini ya tangi. Wenye haraka huliweka panapokaa vizuri kwa macho. Halafu kuna mabomba. Bomba la shaba la milimita 22 hubeba takriban theluthi moja ya lita kwa kila mita. Bafu likiwa mita 15 kutoka kwenye tangi, anayeoga humwaga karibu lita 5 zilizopoa kabla moto haujafika, na akifunga anaacha lita 5 za moto zipoe ukutani. Ikitokea mara kumi kwa siku ni lita 50, robo ya tangi la lita 200. Aliyechora nyumba akaweka tangi pembe hii na bafu pembe ile ameshaandika sehemu ya bili ya watu ambao bado hawajahamia.

Sasa fedha. Wauzaji huchukua bei ya mtambo, wakaigawa kwa gharama ya maji ya moto ya mwaka, wakakupa idadi ya miaka. Hesabu hiyo inadhani jua litabeba kila kitu. Mtambo uliopimwa vizuri kwa kawaida hubeba asilimia 50 hadi 80 kwa mwaka, na kuulazimisha ufike 100 ni kununua paneli za miezi ya mawingu ambazo zitachemka bure miezi ya jua. Kosa lao jingine, ajabu, linawaumiza wao wenyewe: hutumia bei ya wastani ya uniti. Pale ambapo bei hupanda kwa ngazi kadiri unavyotumia, uniti zinazookolewa ni za ngazi ya juu, zile ghali, kwa hiyo akiba huwa kubwa kuliko wanavyosema. Ada za kudumu kwenye bili hazishuki hata shilingi. Ile familia ya uniti 2,500, jua likibeba asilimia 70, inaokoa 1,750 kwa mwaka. Izidishe kwa bei ya uniti ya mwisho kwenye bili yake, itoe gharama ya kubadilisha anodi inayozuia tangi lisiliwe na kutu na kukwangua ukoko wa chokaa pale maji yalipo magumu, ndipo igawe.

Na mtu anayeishi peke yake, anayeoga haraka, lita 30 za maji ya moto kwa siku? Anatumia uniti moja hivi kwa siku, 365 kwa mwaka, na jua likimwondolea 255 ni ajabu kama atarudisha bei ya mtambo kabla haujazeeka. Asinunue. Kichwa cha shawa kinachotoa lita 8 kwa dakika badala ya 15, pamoja na taima, vitamfaa zaidi. Najua haya ni maneno ya ajabu kutoka kwa mtetezi wa jua, lakini neno "bure" limeshaharibu hesabu nyingi. Hata kwenye familia kubwa, maji yakishaitwa ya bure watu hukaa bafuni hadi tangi linaisha, na hita ya umeme inaamka kulipia starehe hiyo.

Ikiwa hoja yangu ni sahihi, wanaotunga sheria na ruzuku wanapima kisichohusika. Mita za mraba za paneli na idadi ya mitambo zinahesabika kwa urahisi kutoka barabarani, ndiyo maana zinahesabiwa. Ruzuku ambayo haitolewi mpaka kuwe na taima na hita iliyofungwa mahali pake ingegharimu ukaguzi zaidi, na ingeokoa zaidi. Kampuni za umeme zina sababu kubwa kuliko mwenye nyumba: hita laki moja za kilowati 3, zikiwaka pamoja saa ya jioni, ni megawati 300, mzigo wa mtambo mzima wa kuzalisha umeme, na unaweza kusogezwa kwenda mchana bila mtu kuoga maji baridi. Wachora ramani za nyumba nao wana lao. Hakuna hata mmoja wa hawa anayehitaji kwanza kuamua kama paneli ya joto imekufa.

Majuzi rafiki alinionyesha karatasi ya bei aliyoletewa. Paneli imeelezwa kwa mistari sita, hadi unene wa kioo na rangi ya fremu. Tangi lina mstari mmoja: lita 300. Nyumbani kwao ni watu wawili. Taima haimo, vali ya kuchanganya haimo, na urefu wa mabomba umeandikwa "kadiri itakavyohitajika". Nimemwambia arudi amuulize fundi hita ya umeme itafungwa chini au katikati. Ameuliza mara mbili. Mara zote mbili fundi amemtumia picha ya paneli.